Nyambizi ya Mwalimu Kailemia

Inspekta Muthomi alipofungua mlango wa karakana ya Mwalimu Kailemia, kilichompokea kwanza ni harufu: gundi ya plastiki, rangi ya mafuta na vumbi la msasa. Akasimama kizingitini, kofia mkononi. Kwa kitambo alikuwa tena mvulana wa kidato cha pili, Jumamosi alasiri, mvua ya Nkubu ikipiga mabati ya kile chumba cha nyuma ya maabara, na Mwalimu akipita katikati ya meza akiwaambia, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba gundi si uji na haimiminwi.

Kisha akavaa glovu, akaingia kazini.

Faili ilikuwa imemfikia asubuhi hiyo, Ijumaa, tayari imeshikwa na mikono mingi. Mwalimu Kailemia, mstaafu wa fizikia aliyefiwa na mkewe, hakuwa ameonekana tangu wiki iliyotangulia. Simu yake ilipatikana juu ya kabati, imezimwa. Mpwa wake Mutwiri, aliyeishi naye boma moja, alipoulizwa alijibu kwamba mjomba yuko safarini na atarudi. Safari ya wapi? Ameapa kutosema. Ndipo shati la Mutwiri likaonekana kwenye kamba ya nguo, lina madoa mekundu yaliyokataa kutoka. Ndipo jirani akakumbuka maneno aliyoyasikia ng'ambo ya ua. Kufikia jioni vijana walikuwa wamekata migomba yote ya Mutwiri na kulichoma zizi lake. Mkewe Kananu akakimbilia kwao Kiirua, mtoto mgongoni. Mutwiri mwenyewe alinyakuliwa na polisi kutoka mikononi mwa umati. Jumatatu angepelekwa mbele ya hakimu kama mshukiwa wa mauaji, na wapiga mbizi walikuwa bado wanapekua mto wakiutafuta mwili.

Ukuta mzima wa karakana ulikuwa nyambizi. Ndogo kama kalamu, kubwa kama mkono wa mtu mzima, nyeusi, za kijivu, nyingine za buluu iliyokoza, kila moja imekaa juu ya vigingi vyake viwili kana kwamba imetia nanga. Muthomi aliwahi kuzishika baadhi yake. Ile yenye mnara ulioinama kidogo ilikuwa ya darasa lao. Maboksi yalikuwa yakitumwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao ng'ambo. Ndani mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, kila kipande na namba yake, na karatasi ya michoro. Wavulana walipomwuliza Mwalimu kwa nini hawaundi ndege, au meli zenye milingoti na bendera, aliwajibu kwamba ndege wanaiona ikipita, na meli wataiona siku watakayofika Mombasa. Lakini nyambizi hata mtu wa Mombasa hajaiona. Ni mpaka uiunde ndipo uamini kwamba ipo. Kisha angejaza pipa maji na kuwaonyesha jinsi kitu kinavyoweza kuzama kwa hiari yake bila kupotea.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na pengo refu lisilo na vumbi.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

Lenah, binti wa Mwalimu, alikuwa amesimama nje ya mlango kama mtu asiyetaka harufu ile imshike. Alikuwa muuguzi mjini Meru, na macho yake yalionyesha hajalala. Akaeleza kwamba hapo palikuwa na ile kubwa, yenye mota na betri na rimoti, ambayo baba yake alikuwa akiiunda mwaka mzima. Yeye alidhani Mutwiri ameiuza. Akaendelea bila kuulizwa: mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, ugonjwa wa neva, hawezi kuinua kikombe cha chai bila kumwaga nusu yake. Kwa hiyo alikuwa ameamua kumhamishia kwake mjini mwisho wa mwezi huu. Gari la kubeba vitu lilikuwa limeshatafutwa. Karakana ingefungwa, maana hewa ya gundi haimfai mzee.

"Alikubali?"

"Alinyamaza," Lenah alisema. "Baba aliponyamaza, mimi nilidhani amekubali."

Muthomi akachukua nyambizi iliyokuwa mwisho wa mstari, akaisogeza dirishani. Boksi lake lilikuwa chini ya meza na stempu za posta zilionyesha kwamba halikuwa la zamani. Akapitisha kidole kwenye tumbo la nyambizi, pale nusu mbili za plastiki zinapokutana. Hakuhisi kitu. Hapakuwa na mshono, wala tone la gundi lililokauka, wala mkwaruzo. Mikono inayomwaga chai haikuweza kufanya kazi ile.

"Mikono ilianza kutetemeka lini?"

Lenah alisema ni miaka kadhaa, tangu mama yake afariki.

"Basi hii hakuiunda yeye," Muthomi alisema, "au hakuiunda peke yake."

Akaigeuza tena. Kila upande wa mnara palikuwa na taa ndogo, nukta ya rangi isiyozidi punje ya mtama. Nyekundu ilikuwa upande wa kulia, kijani upande wa kushoto. Akakunja uso. Chombo chochote cha majini hubeba taa nyekundu kushoto. Jambo hilo Mwalimu aliwakaririsha mpaka wakaliota. Akazikagua nyingine mbili zilizo jirani, za karibuni vilevile. Zote zimekosewa namna moja. Za zamani zote zilikuwa sawa.

Kwenye ndoo ya taka alipata fremu tupu za plastiki, zilizokatwa vipande vyake. Kando ya kila namba mtu alikuwa amechonga alama kwa kisu: mkato mmoja, mikato miwili, mkato na nukta. Mwanzoni alidhani ni hesabu ya vipande vilivyokwisha kubandikwa, lakini mikato haikufuata mpango wowote wa kuhesabu. Akaziweka kwenye mfuko wa ushahidi bila kuzielewa.

Chini ya meza palikuwa na kitambaa chenye madoa mekundu. Lenah alipokiona aliweka mkono mdomoni. Muthomi alitafuta kwenye rafu ya rangi, akapata chupa ya tina ya kuyeyushia rangi, akadondoshea tone moja pembeni mwa doa. Wekundu ukalainika, ukatiririka pamoja na tone, ukaacha ukingo wa waridi.

"Damu ikishakauka haitoki kwa tina," alimwambia. "Hii ni rangi ya tumbo la nyambizi. Sehemu inayokaa chini ya maji hupakwa nyekundu. Shati la Mutwiri liko maabara na majibu yatachukua muda wake, lakini ningekuwa wewe nisingelilia shati hilo."

Lenah alikaa chini kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza miguu yake ikawa ndani ya karakana.

*

Jirani aliyesikia maneno aliitwa Njoki, mama wa makamo mwenye shamba la kahawa lililopakana na ua wa Mwalimu. Muthomi alimkuta akianika kahawa. Wakasalimiana kwa Kimeru, wakaulizana habari za mvua, lakini alipotaja kesi tu, Njoki alijifuta mikono, akasimama wima na kuhamia Kiswahili, kwa kuwa mambo ya serikali kwake yalikuwa ya Kiswahili.

Alirudia yale yale yaliyokuwa kwenye faili. Alikuwa karibu na ua jioni, akawasikia Mwalimu na Mutwiri wakibishana. Sauti ya Mutwiri ilikuwa juu. Alisema Lenah asijue. Kisha akasema maneno yale.

"Yapi hasa, mama?"

"Alisema, 'Tutamzamisha hata kama Lenah hataki.' Mimi niliyasikia na hii masikio yangu. Nikamwambia yule polisi na yeye akaandika."

Polisi aliyeandika alikuwa kijana aliyetoka Taita, mwenye Kiswahili kizuri na hati nzuri. Alikuwa ameandika *tutamzamisha* na kulipigia mstari.

"Mutwiri alisema kwa Kiswahili?"

Njoki alimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Hao wangesemaje Kiswahili na wako kwao nyumbani?

"Basi sahau serikali kidogo," Muthomi alisema. "Niambie kama ulivyosikia."

Njoki akayasema kwa Kimeru, taratibu, akikumbuka. Alipofika kwenye neno lenyewe akasita, akalirudia peke yake, akatulia. Kwa Kimeru mtu na kitu havichanganyiki mdomoni. Kilichosemwa jioni ile kwamba kitazamishwa hakikuwa mtu.

Alikaa kwenye gunia la kahawa. Akasema, kwa lugha yake sasa, kwamba Kiswahili kilimponyoka tu, kwamba hakukusudia. Aliangalia upande wa migomba iliyokatwa, mashina yakivuja utomvu, akauliza kama kijana yule ataachiliwa. Muthomi alimwambia kwamba hilo lingetegemea kumpata mjomba wake, na akamwomba asiondoke, kwa kuwa angehitaji kuandika upya.

Akarudi karakana. Sasa alijua kitu gani kilikuwa kimetoka kwenye lile pengo la rafu, na kwa nini. Mzee alikuwa amekwenda kuizamisha nyambizi yake kabla ya gari la mjini kufika. Lakini wapi? Mito ya huku juu hushuka kwa kasi kati ya mawe. Nyambizi ya plastiki ingevunjika kabla haijalowa. Ilihitaji maji yaliyotulia. Na ilihitaji mtu wa pili, mwenye ile mikono.

Akamwaga yaliyomo kwenye boksi lile la chini ya meza. Mtu akifunga mzigo huku Nkubu huujaza majani makavu ya mgomba, au gazeti. Boksi hili lilikuwa limejazwa maganda makavu, membamba, ya kahawia, yaliyojikunja kama maranda ya mbao. Akalivunja moja. Punje ya kijani iliyosahauliwa ikadondoka kiganjani.

Ndengu. Hazistawi kwenye baridi ya Nkubu. Boksi lilikuwa limekwenda nyanda kavu za chini na kurudi, na nyambizi ndani yake.

Hapo akatoa tena zile fremu kwenye mfuko. Akafumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya mikato. Mmoja. Miwili. Mkato na nukta. Kwa macho haikuwa na maana. Kwa kidole ilisomeka kama maandishi.

Mtu aliyeunda nyambizi hizi alikuwa haoni. Ndiyo maana mishono yake haikugusika, na ndiyo maana taa zake zilikuwa zimebadilishana pande.

Muthomi alifumbua macho. Katika chumba kile cha nyuma ya maabara kulikuwa na walimu wawili. Wa pili alifundisha jiografia, alivaa miwani minene kama vitako vya glasi, na alikuwa akikileta kila kipande karibu na pua kabla ya kukibandika. Wavulana walimwiga akigeuka. Mwalimu Njiru, Mmbeere. Alistaafu mapema na kurudi kwao Kiritiri, na siku ya kumuaga, Mwalimu Kailemia hakutoa hotuba, alimpa boksi la nyambizi.

*

Kabla ya kuondoka alipita korokoroni. Mutwiri alikuwa kijana mpana wa kifua, jicho moja limevimba kwa kipigo cha siku ile. Alisimama inspekta alipoingia, lakini alikuwa amechoka kuulizwa.

Muthomi hakumwuliza kitu. Alimweleza tu kwamba rangi ilikuwa rangi, kwamba Njoki amerekebisha maneno yake, na kwamba ng'ombe waliotoroka motoni wamepatikana. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa na safari ya kwenda chini Mbeere, kwenye maji yaliyotulia, na kama Mutwiri alikuwa na ujumbe kwa mtu yeyote huko angeweza kuupeleka.

Mutwiri alitazama sakafu. Kona ya mdomo wake ikacheza.

"Mimi sijasema kitu, afande."

"Hujasema."

"Iandikwe hivyo. Nilimwapia kwamba hakuna atakayejua kwangu. Angejua Lenah, angemfuata siku hiyo hiyo."

"Wangekuua, Mutwiri."

"Nilidhani atarudi baada ya siku mbili," kijana alisema. "Halafu mambo yakaenda mbio. Nikaona nikisema sasa, nitakuwa nimepigwa bure."

*

Aliendesha mwenyewe, Jumamosi asubuhi, akapita Chogoria na Chuka chini ya mlima uliojifunika, akapita Runyenjes, na baada ya mji wa Embu barabara ikaanza kuteremka na joto likapanda. Chai ikaisha, kahawa ikaisha, yakaja mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna, na ya ndengu, malori ya mchanga na magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami. Kiritiri ilikuwa siku ya soko la mbuzi. Kwa Mwalimu Njiru palijulikana na kila mtu. Walimwelekeza kwa vidole na kwa midomo.

Peninah, mke wa Njiru, alikuwa uani akipepeta ndengu. Hakushtuka kuona polisi. Alimkaribisha kiti, akamletea maji, kisha akamweleza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa kwamba wazee hawakuwepo nyumbani, walikuwa kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo. Tangu mgeni aje walikuwa wanaamkia huko. Kwanza kile kidude kilivuja, wakakirudisha kukibandika, wakangoja kikauke, kikavuja tena.

"Nawapelekea chakula huko kama vibarua," alisema.

"Mgeni ni mzima?"

"Mzima? Anakula kuliko mimi."

Muthomi akanywa maji yote, akarudisha kikombe, akashukuru. Njiani kuelekea silanga alijikuta anatembea haraka.

Waliketi kwenye vigoda ukingoni, kofia kichwani, kama watu wanaovua samaki. Kati yao palikuwa na beseni la plastiki, na ndani ya beseni ilikuwa nyambizi, nyeusi juu na nyekundu chini, ndefu kiasi kwamba mkia wake ulitokeza nje. Mwalimu Kailemia aligeuka aliposikia hatua. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukicheza gotini bila kukoma. Alimtazama mgeni, akavua miwani, akaivaa tena.

"Muthomi," alisema. "Meza ya dirishani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Njiru, ni Muthomi. Yule wa meza ya dirishani. Amekuwa mkubwa."

Njiru aliinua uso. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Alinyosha mkono, akaushika wa Muthomi kwa muda, akipima vidole, akasema kwamba alikuwa anamkumbuka, alikuwa na mkono mzito wa msasa.

Kazi ni kazi. Muthomi alimwuliza Mwalimu Kailemia kama alikuwa hapo kwa hiari yake, akajibiwa ndiyo. Akamwuliza kwa nini aliacha simu. Akajibiwa kwamba simu ingelia, na ingekuwa Lenah, naye hajui kumdanganya mtoto wake. Kisha Muthomi akachuchumaa mbele yake na kumweleza yaliyotokea Nkubu, yote, bila kupunguza: shati, mto, migomba, zizi, jicho la Mutwiri, Kananu na mtoto waliokimbilia Kiirua.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mkono uliokuwa ukicheza aliushika kwa ule mwingine, ikawa inacheza yote miwili.

"Twende," alisema, akajaribu kusimama. "Njiru, mimi naenda. Wamempiga mtoto wa dada yangu kwa sababu yangu."

"Nenda," Njiru alisema. "Hii utaikuta hapa."

Lakini Muthomi alikuwa amekwisha piga simu kituoni. Aliripoti kwa mkuu wake kwamba aliyetafutwa amepatikana, ni mzima, wapiga mbizi waondolewe mtoni, na akaomba mshukiwa apewe simu ili amsikie mwenyewe. Kulikuwa na kelele za milango. Kisha akampa Mwalimu simu, spika ikiwa wazi.

Mwalimu aliita jina la mpwa wake mara mbili. Ni Mutwiri aliyesema.

"Mjomba, mmeizamisha?"

"Hatujaizamisha. Ilikuwa inavuja. Nakuja sasa hivi, mtoto wangu, niko njiani."

"Usije."

"Mutwiri."

"Usije kabla hamjaizamisha. Nimekaa humu kwa ajili ya hiyo. Hii saa moja zaidi hainiui."

Simu ikakatika, au ikachukuliwa. Mwalimu aliendelea kuishikilia sikioni. Hatimaye Muthomi akaitwaa polepole kutoka mkononi mwake, akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaiinua nyambizi kutoka kwenye beseni. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alipoigeuza aliona taa, nyekundu kulia, kijani kushoto. Mwalimu aliona anachokiangalia.

"Huzipaka mwenyewe, hakubali msaada," alisema kwa sauti ya chini, Njiru akiwa ameinama juu ya rimoti. "Kila mara huniuliza kama zimekaa sawa. Nami humwambia zimekaa sawa."

Maji ya silanga yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Muthomi aliingia mpaka magoti, akaiweka nyambizi juu ya maji, akaiachia. Ikaelea. Upande wa pili mbuzi waliokuwa wakinywa waliinua vichwa, wakaendelea kunywa.

Rimoti ilikuwa kwa Njiru, mikono yake imetulia kama jiwe. Mwalimu Kailemia alikaa karibu naye, bega kwa bega, mdomo sikioni mwake. Mmoja alikuwa macho, mwingine alikuwa mikono, na Muthomi, akiwa ndani ya maji, alisikia sauti ile ile isiyopanda wala kushuka ikisema mbele, mbele taratibu, sasa kushoto kidogo, kuna kijiti, ipishe, vizuri, sasa uko katikati. Nyambizi ilikwenda kama ilivyoambiwa. Ilichora mstari mrefu nyuma yake. Mota yake ililia kwa sauti nyembamba ya nyuki.

"Iko wapi?" Njiru aliuliza.

"Katikati kabisa. Jua liko mgongoni kwake. Inang'aa."

"Niishushe?"

Mwalimu aliitazama.

"Ishushe," alisema.

Pua ikainama. Maji yakapanda juu ya mgongo mweusi, yakazunguka mnara, na kwa sekunde mnara ulibaki peke yake, ukienda, kama mtu anayevuka na mzigo kichwani. Kisha haukuwepo. Mwalimu alikuwa akieleza yote, neno kwa neno, na Njiru alikuwa akitabasamu akiwa amefumba yale macho yasiyoona. Sauti ya nyuki ikazama nayo.

Walingoja. Njiru alisukuma kishikio cha kupandisha cha rimoti. Alikisukuma tena. Muthomi alitafuta mstari juu ya maji, mapovu, chochote. Palikuwa na mapovu machache karibu na katikati, kisha hapakuwa na kitu, na upepo ukapitisha mikunjo midogo juu ya silanga mpaka ukingoni.

Mwalimu Kailemia alikuwa amenyamaza. Mkono wake ulikuwa ukigonga paja la rafiki yake.

"Unanyamaza," Njiru alisema. "Haijatoka."

"Haijatoka."

"Imevuja."

"Nadhani ule mshono wa nyuma. Njiru, mimi niliona kama haujakauka. Sikusema."

Njiru aliiweka rimoti chini mchangani, akajifuta mikono kwenye suruali. Muthomi alidhani atakasirika. Mzee alielekeza uso wake kwenye maji, kwenye joto lililokuwa likipanda kutoka pale, akakaa hivyo.

"Tangu tuanze kuzitengeneza ni lini hata moja ilikwenda chini?" aliuliza. "Zote ziko kwenye rafu kwako zinapigwa vumbi. Hii imekwenda. Wacha ikae. Kiangazi kikifika silanga itakauka, na wenye mbuzi watashangaa."

Mwalimu Kailemia alianza kucheka, kicheko cha kikohozi, akashindwa kukikomesha, na Njiru akajiunga naye. Walicheka mpaka wakashikana.

*

Mutwiri alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kituo, akitia kamba za viatu alizorudishiwa, gari lilipoingia. Lenah alikuwa amesimama kando yake; alikuwa amemletea nguo safi. Alimwendea baba yake kwanza, akamshika mabega, akamkagua uso kama anavyomkagua mgonjwa, akataka kuanza kusema.

"Lenah," Mwalimu alisema. "Ile siku sikukubali. Nilinyamaza tu. Sihami."

Lenah aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, na akaushika mkono wake unaotetemeka wala hakujaribu kuutuliza.

Mzee akapita, akaenda kusimama mbele ya mpwa wake. Alilitazama lile jicho lililovimba. Alikuwa amepanga maneno tangu Runyenjes. Muthomi alimsikia akiyajaribu kimyakimya njia nzima. Hayakutoka. Ni Mutwiri aliyefunga fundo la kiatu, akainua kichwa.

"Ilizama?"

"Ilizama."

"Ikatoka?"

Mwalimu Kailemia alifikiri jibu lake kwa makini, kama mtu anayetaka liandikwe sawasawa.

"Bado," alisema.